Ngozi ya Meno Haioti Tena

Mwezi huu twataka kuwaambia habari za meno. Watu wengi huyakumbuka siku yanapouma tu, na siku hiyo mara nyingi wakati umekwisha pita.

Kila jino limevikwa ngozi nyeupe, iliyo ngumu kuliko mfupa na kuliko kitu kingine chochote cha mwili. Waganga huiita enameli. Karibu yote ni madini, wala haina damu ndani yake. Kidonda cha mguu hupona, na mfupa uliovunjika huunga; bali enameli iliyobomoka haioti tena, maana chembe zilizoifanya hufa jino likiisha kutokeza. Basi mtu akiwaletea unga wa kuotesha ngozi mpya ya jino, msimpe fedha zenu.

Mambo matatu huiharibu. La kwanza ni sukari: vijidudu vya kinywani huila, kisha hutoa asidi inayoyavuta madini ya jino. La pili ni vitu vikali, kama ndimu, ukwaju, soda, na embe bichi kwa chumvi na pilipili. Huku kwetu, tangu Kibiti hata visiwa vya delta, msimu wa maembe ukifika mtoto hushika embe bichi asubuhi hata jioni. La tatu ni kusugua meno kwa mchanga, majivu au mkaa. Weupe huonekana kweli, lakini ngozi yenyewe ndiyo inayoliwa.

Hata hivyo Mungu ameweka dawa kinywani mwetu, nayo ni mate. Mate yana madini yale yale, na enameli iliyolegea tu, isiyotoboka bado, huyapokea ikakaza tena. Kazi hii yataka nafasi, nusu saa au saa nzima baada ya kula. Mtu anywaye chai ya sukari kidogo kidogo mchana kutwa huyanyima mate nafasi hiyo. Afadhali anywe pamoja na chakula, kisha akipumzishe kinywa. Naye aliyekula vitu vikali asukutue kwa maji, angoje saa nzima, ndipo apige mswaki, maana ngozi ya jino ingali laini.

Dawa ya meno yenye floridi huyasaidia mate. Yafaa kupiga mswaki asubuhi, tena usiku kabla ya kulala. Mtoto asiyetimiza miaka 3 atiliwe dawa kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hata 6 kiasi cha punje ya njegere. Ateme povu wala asilimeze. Floridi ikizidi hudhuru. Huko chini ya Mlima Meru na Kilimanjaro maji ya mahali pengi yanayo kupita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita, kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na watoto wakuao kwa maji hayo huota meno yenye madoa ya kahawia. Mtu asiye na dawa asikae bure: mswaki wa mti, uliotafunwa hata nyuzi zikalainika, husafisha vema.

Liko jambo moja zito zaidi. Mtoto mchanga akishikwa na homa au kuhara, wako watu wasemao kwamba ana meno ya plastiki, wakapasua ufizi wake na kumng'oa. Tangu miaka ya 1980 waganga wa hospitali nchini wameeleza madhara yake. Kile kiitwacho plastiki ni jino changa la mtoto, lingali laini, likingoja siku yake. Kifaa kichafu huleta damu nyingi, pepopunda, hata mauti. Na homa yenyewe hukaa bila dawa. Hata mtoto akipona, jino la ukubwani lililokuwa likiumbwa chini yake laweza kutoka na enameli pungufu, au lisitoke kabisa. Wazazi, mtoto akiharisha mpeni maji ya chumvi na sukari ya hospitalini, mkampeleke kwa mganga upesi. Jirani akiwashauri kisu, mkatalieni kwa upole, lakini mkatalieni.

Nanyi walimu, watazameni watoto vinywani mwao. Doa jeupe lisilong'aa karibu na ufizi ndilo alama ya kwanza ya jino kulegea. Hapo wakati bado upo. Mwambieni mzazi siku ile ile, msingoje tundu. Miili yetu na ya watoto wetu ni amana, na mwenye kupewa amana huitunza ingali nzima.