Mpaka wa Moyale Unafika Hadi Mtaani Kwako

Kwa ramani, mpaka wa Kenya na Ethiopia ni mstari tu pale juu. Fika Moyale sasa: mji mmoja, nchi mbili, na Waborana wana jamaa pande zote. Kuvuka si kazi. Kazi ni zile kilomita karibu 800 hadi Nairobi.

Lami ilipokamilika, safari iliyokula siku kadhaa juu ya lori la ng'ombe ikawa ya usiku mmoja kwa basi. Poa kwa biashara, poa pia kwa mawakala wa magendo ya watu. Kabla ya kizuizi cha polisi vijana wanashushwa, wanazunguka kichakani kwa miguu au bodaboda, kisha wanapandishwa tena mbele. Kwa hivyo usiniambie ati tujenge ukuta.

Wengi hutoka Hosaena na vijiji vya Hadiya, kusini mwa Ethiopia, na wanaenda Afrika Kusini. Nairobi ni stendi tu. Ile nyumba ya ploti yenu ambayo pazia halifunguliwi, mikate inaingia mingi na hakuna anayetoka? Huenda ni wao, marika zako, wanangoja familia itume pesa ndio wasongeshwe Tanzania. Polisi wakibisha, wao ndio huishia kortini na kurudishwa kwao. Wakala, kama kawaida, hapatikani.

Na huko mbele ndiko kubaya zaidi. Machi 2020, mkoani Tete, Msumbiji, lori lililotoka Malawi lilisimamishwa na kontena likafunguliwa. Ndani kulikuwa na maiti 64, inaaminika walikosa hewa. Waliotoka hai walikuwa 14.