Kasongo, Kabambare na Safari ya Kutafuta Elimu

Kusini mwa Maniema, ambako Kabambare na Kasongo zimekaa juu ya njia ya kale iliyotoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikashika magharibi hata Nyangwe ukingoni mwa Lualaba, elimu ya dini haikupata kutengana na khabari za dola. Kwani mwalimu wa kwanza aliingia nchini nyuma ya msafara wa mfanyabiashara, na mfanyabiashara yule, tusifiche, alifuata pembe na watumwa. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alipoifanya Kasongo makao yake katika miaka ya 1870, walikuja pamoja naye watu wa kalamu. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kongo zama zile kwa hati ya Kiarabu zimehifadhiwa Ubelgiji hata leo, na mtaalamu Xavier Luffin amezisoma na kuzifasiri.

Lakini yatupasa kupambanua chuo na darsa. Chuoni mtoto hufundishwa herufi, kisha irabu, kisha sura fupi fupi, hata akahitimu msahafu. Darsani kijana aliyekwisha kuhitimu huketi mbele ya sheikh, kitabu kimoja kimefunguliwa baina yao, akasoma ibara ya Kiarabu, na sheikh akaifasiri kwa Kiswahili neno baada ya neno: Ajurumiya katika nahau, Safina katika fiqhi ya Shafii, na kwa mwenye subira Minhaji ya Imamu Nawawi. Akimaliza hapewi cheti chenye muhuri, bali ijaza, yaani idhini ya mwalimu wake, ambaye naye aliipokea kwa mwalimu wake. Chuo chatosheka na mwalimu mmoja na kivuli cha mwembe. Darsa lataka vitabu, mashekhe kadha wa kadha, na miaka mingi ya amani, na kwa sababu hiyo ndilo liumialo kwanza kila serikali inapopinduka.

Likaumia mapema. Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Dola Huru ya Kongo, wakiongozwa na afisa wake Dhanis, waliingia Kasongo, na Januari 1894 wakaitwaa Kabambare. Matajiri waliokuwa wakiwalisha waalimu waliuawa au wakakimbia. Mwaka 1906 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mwenye dola hiyo, akafunga mapatano na Vatikani, yaliyowapa wamisionari wa Kikatoliki ardhi na kazi ya kufundisha, na tangu hapo mlango wa shule na wa ofisi ukawa mmoja, nao ukapitia misheni. Wazazi wengi wa Kiislamu, wakichelea watoto wao wasije wakabatizwa, waliwazuia nyumbani; hasara ya uamuzi ule, ambao siwezi kuwalaumu kwa kuufanya, ililipwa na wajukuu. Ujiji nayo, iliyokuwa kituo cha njiani, ikawa ng'ambo ya mpaka, nchi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza. Hata hivyo elimu ilivuka. Tarika ya Kadiriya iliingia Maniema kutoka upande wa Tanganyika, ikajenga kwa makhalifa na murid wake silsila ambayo watawala Wabelgiji waliitazama kwa shaka kubwa, wakidhani kila dhikri ni mashauri ya uasi.

Uhuru wa 1960 haukuleta utulivu. Vita vya waasi waliojiita Simba vilipita Maniema mwaka 1964. Katika zama za Mobutu Waislamu waliwekwa chini ya chombo kimoja kinachotambuliwa na dola, jumuiya ya Kiislamu ijulikanayo leo kwa jina la COMICO, nao wakapata shule zao zinazoendeshwa kwa mapatano na serikali, ambazo baada ya vita vya 1998 hadi 2003 ziliongezeka sana Maniema. Hii ni neema, wala sitaki kuipunguza: binti wa Kasongo sasa aweza kusoma hisabati chini ya mkuu wa shule Mwislamu. Lakini shule hizo hufuata mtaala wa serikali, na wanaozihesabu kuwa ndizo zilizochukua mahali pa darsa wanakosea.

Basi atakaye kupanda juu hana budi kusafiri, na mahali pa kwendea pia pamekuwa pakiamuliwa na siasa za wengine. Unguja ilifungua Muslim Academy mwaka 1951, ikafungwa baada ya mapinduzi ya 1964. Madina ilianzisha chuo kikuu cha Kiislamu mwaka 1961, kikaita wanafunzi kutoka pande zote za dunia. Chuo kikuu cha Mbale, Uganda, kiliazimiwa katika mkutano wa mataifa ya Kiislamu huko Lahore mwaka 1974, Idi Amin akiwa madarakani, lakini kilifunguliwa mwaka 1988, Amin mwenyewe akiwa uhamishoni. Morogoro, Tanzania, ikafuata kwa chuo kikuu chake cha Kiislamu mwaka 2005.

Kijana wa Kabambare aendaye Mbale leo huelekea mashariki kwenye ziwa, kama misafara ilivyokuwa ikirudi. Mkononi ana diploma ya serikali aliyoifanyia mtihani kwa Kifaransa, huko aendako atafundishwa kwa Kiingereza, vitabu anavyovitaka vimeandikwa kwa Kiarabu, na yote hayo, akirudi, atayafasiri kwa Kiswahili mbele ya watu waliomchangia nauli.