Karte ya chama cha wenye maboti: ku Kilwa wanauliza ina faida gani

Sisi ni watu wa mine. Kazi yetu ya sendika ni ku mashimo na ku usini, si ku maji. Kwa hiyo wakati wenye maboti wa Kilwa, kule ku ziwa Moero, walitutumia habari kwamba twende tuwasaidie kusoma karatasi fulani, wa kwanza kushangaa tulikuwa sisi wenyewe. Lakini katika wale wenye maboti, watatu walifanya kazi zamani pamoja na wenzetu ku mine ya Dikulushi. Wakati ule shaba ya Dikulushi ilikuwa inavuka ziwa juu ya feri mpaka upande wa Zambia. Mwisho wa 2008 bei ya shaba ikaanguka, mine ikasimama, kila mtu akatafuta njia yake. Hawa watatu walichukua makuta ya mwisho waliyolipwa, wakanunua mbao na motere. Leo wanabeba watu, muhogo, samaki na mafuta kati ya Kilwa, Pweto na vijiji vya pembeni ya ziwa.

Tulifika mwezi wa 12, wakati ziwa limefungwa kwa uvuvi. Nyavu zilikuwa zinakauka, maboti mengi yalikuwa juu ya muchanga, na watu wana nafasi ya kukaa na kusema. Toka Lubumbashi ni kilometa karibu 350, na wakati wa mvua ile barabara haimuheshimu mtu: tulilala njiani usiku moja. Tukawakuta wenye maboti 14 chini ya muembe. Karatasi ilikuwa mukononi mwa muzee mmoja, amekwisha kuikunja na kuikunjua mpaka inataka kupasuka.

Karatasi ilisema hivi. Kuna chama cha taifa cha wenye maboti, makao yake Kinshasa. Mtu wao alikuwa amepita Kilwa, akaacha formu za kuingia. Kiingilio dola 50 kwa kila boti, kisha mchango wa dola 10 kila mwezi. Unapewa karte yenye picha, na karatasi ya kubandika ku boti. Mwisho, tarehe ya kujibu.

Muzee alikuwa amefanya hesabu kabla hatujafika. Akaichora tena ku muchanga kwa kijiti ili na sisi tuone: dola 50 na dola 120 za mwaka ni 170 kwa boti moja, mara 14 ni dola 2380. Akasema: «Jile nzuri ya kuokoa inauzwa Lubumbashi dola 20. Hii makuta inanunua jile 119. Sasa muniambie, baba, mtu akianguka mu maji, atashika jile ao atashika karte?»

Watu walicheka. Sisi hatukucheka sana, kwa sababu ni ulizo lile lile tunaulizwa kila mwezi ku mlango wa mine, wakati mufanyakazi anaangalia karatasi yake ya mushahara na kuona pahali tumekata mchango wa sendika. Na tuseme ukweli, hata kama hautupendezi: kuna mwaka tulikata ile makuta miezi 12 na hatukufanya hata mkutano moja. Watu walilipa kwa jina la «umoja» na hawakuona kitu. Wengine wakaandika barua wakatoka, na walikuwa na haki. Lakini katika mwaka ule mubaya wa 2009, wakati watu walikuwa wanafukuzwa kwa makundi, waliokuwa na sisi walijua karatasi gani ya kudai, siku gani ya kwenda kwa musimamizi wa kazi wa serikali, na hesabu gani ya mwisho isisainiwe. Si wote walilipwa. Lakini wale waliokuwa peke yao walisaini siku ile ile, wengine bila kusoma.

Kwa hiyo hatukuwaambia «ingieni» wala «musiingie». Tuliomba statuti. Hapo watu wakaangaliana. Kati ya 14, hakuna aliyekuwa nayo. Mtu wa chama alikuwa ameacha formu, lakini kanuni hakuacha. Kijana mmoja akapanda ku kilima pahali reseau inashika, na kisha saa mbili statuti ikafika ndani ya telefone. Tukaisoma kwa sauti, tunatafsiri toka kifaransa, jua likiwa linashuka.

Chama hicho ni ASBL, maana yake kinafuata sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2001. Watu wengi hawajui maana ya jambo hili. Chama cha namna hii hakitafuti faida, na hakina ruhusa ya kuwagawia memba faida. Kwa hiyo mtu anayeingia akingoja mukopo wa motere mupya ao kugawanya makuta ku mwisho wa mwaka, anajidanganya, hata kama aliyeleta formu alimuambia hivyo pembeni. Mwenye kutaka kununua mafuta ya jumla pamoja na kugawanya kinachobakia, huyo anatafuta kooperative. Toka Congo iliingia mu OHADA mwaka 2012, kooperative ndogo inaweza kuanza na watu 5. Wachimbaji wadogo wa kwetu wanaijua njia hiyo, kwa sababu sheria ya mine ya 2018 inawalazimisha waingie mu kooperative ili wapate karte ya kuchimba. Na wao walilia mwanzoni. Wengine mpaka leo wanalia, kwa sababu kuna kooperative yenye prezida mmoja tu anayejua sanduku liko wapi.

Tukatafuta ndani ya statuti ile neno «Kilwa», ao «bandari», ao «seksyo». Seksyo za mikoa zimetajwa mara moja, kwamba zinakusanya michango na kuituma Kinshasa. Sehemu inayobaki pahali makuta ilitoka haimo. Mkutano mukubwa unafanyika Kinshasa, na anayepiga kura ni yule aliyefika. Toka Lubumbashi mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1500 hata kwa njia ya ndege. Mtu wa boti moja ya mbao atapata wapi tikiti? Kura ya Kilwa itakuwa kiti tupu.

Hapo wengi walisema basi tumekwisha kujibiwa, turudi nyumbani. Ni sisi tuliosema wangoje kidogo, kwa sababu ya jambo la huduma ku bandari.

Kila boti ikigusa muchanga, wanakuja watu na kitabu cha risiti. Mmoja anaomba ya usafi, mwingine ya usalama, mwingine hasemi ni ya nini. Mwaka uliopita mmoja wa wale 14 alichukuliwa motere wiki tatu kwa sababu hakulipa kitu ambacho hata jina lake haliko ku karatasi. Alilipa, wakamurudishia, bila risiti. Tukauliza: kuna mtu anajua dekere namba 036/2002 ya tarehe 28 mwezi wa 3 mwaka 2002? Hakuna. Dekere hiyo inataja huduma ine tu zenye ruhusa ya kufanya kazi ku mipaka ya inchi: duane (wakati ule iliitwa OFIDA, leo ni DGDA), OCC, DGM na huduma ya afya ya mipakani. Ine. Kilwa ni mupaka, Zambia iko ngambo ya maji. Tunajua vizuri kwamba karatasi haimufukuzi mtu mwenye bunduki. Lakini mtu mmoja akiitoa mufukoni wanamupigia kelele, na chama chenye cachet kikiiandikia barua gavana pamoja na majina ya bandari na risiti za uongo, ni mambo mengine. Njo hapo karte inaweza kuwa na bei yake.

Na kuna jambo kubwa kuliko hilo. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya Kituku, Goma, watu wa pembeni wakiiona kwa macho. Barabara ilikuwa imekatwa na vita, watu wote wakakimbilia maji, na boti ikapakia kupita kipimo. Mwezi wa 4 mwaka 2025, ku muto Congo karibu na Mbandaka, boti ya mbao ilishika moto na watu zaidi ya 100 wakafa. Kisha ajali za namna hii amri zinashuka: jile kwa kila mtu, hakuna kusafiri usiku, mbao hii hapana, karatasi ile ndiyo. Ni amri za haki, hatuzipingi. Mtu akituambia jile ni mchezo wa wazungu, tunamuonyesha kofia ya mine. Lakini zinaandikwa ku meza, na ku ile meza watu wa ziwa Moero hawapo. Anayeandika anafikiri muto Congo na mabalenyeri yake makubwa. Hajui kwamba kwetu boti ndogo inavuka kwa masaa machache, na kwamba adui ni upepo wa kiangazi unaoinuka gafula. Watu 14 wa Kilwa hawawezi kufika ku ile meza. Chama cha taifa kinaweza, kama kinataka.

Tulipokuwa tunasema hayo, kijana mmoja aliyesimama nyuma akakohoa. Si mwenye boti. Ni mufanyakazi wa boti, anashika motere, anamwaga maji, anabeba mizigo ya watu. Akauliza kwa heshima: «Wababa, na sisi je? Ile karte ni ya boti. Siye tunaolala mu boti, tuko na karte gani?»

Kulikuwa kimya. Muzee wa hesabu akasema kijana angoje, hii ni kesi ya wakubwa. Hapo tulimukatiza, na tunajua hakufurahi. Tumekwisha kuona mu mine namna chama cha wakubwa wa kampuni kinasema «sisi watu wa mine» wakati kinatetea mufuko wake, na muchimbaji anasikia jina lake ndani ya radio bila kuulizwa. Chama cha wenye maboti ni chama cha wenye mali. Siku boti inazama, mwenye boti mara nyingi iko nyumbani. Aliye ku motere ni huyu kijana. Na ni huyu anayeambiwa «ongeza watu kumi, mafuta imepanda bei». Akikataa, kesho mwingine anashika motere. Tulimuuliza mushahara wake ni kiasi gani. Akasema hakuna mushahara, ni sehemu ya kinachobaki. Ziwa likifungwa? Akatabasamu tu. Wasafiri wanapungua na yeye pia anafungwa.

Mazungumzo yaliendelea mpaka mama mmoja alituletea ugali na samaki, na bado hawakusikilizana. Asubuhi walirudi. Watano walikataa kabisa. Walisema: «Balikula makuta yetu ku vyama bitatu, batatuachia tena paka karte.» Wanataka kuanza kooperative ndogo ya mafuta na vipande vya motere, na wao ni watano sawasawa, hesabu ya OHADA. Tuliwaambia waandike wazi nani anashika sanduku, nani anashika ufunguo, na wasiwe wa nyumba moja.

Tisa waliamua kuingia, lakini hawakujaza formu mmoja mmoja. Tuliandika nao barua moja, majina tisa chini. Inasema wataingia kama seksyo ya Kilwa. Dola 4 katika kila dola 10 zitabaki Kilwa. Watalipa miezi 9, si 12, kwa sababu katika miezi ya kufungwa boti hazina kazi ya kutosha. Hesabu isomwe mbele yao mara mbili kwa mwaka. Na wafanyakazi wa maboti waingie na karte yao, mchango mudogo, kura yao wenyewe. Jambo hili la mwisho lilipita kwa watu watano juu ya wane. Muzee wa hesabu alikuwa kati ya wale wane. Lakini alisaini.

Kuna wenzetu ku Lubumbashi wanaotuambia tuliwapa mashauri mabaya, kwamba unaingia kwanza, kisha unapigana ndani. Sisi hatuamini hivyo. Kabla ya kulipa, mutu wa chama anakupigia simu yeye. Ukiisha kulipa, ni wewe unamupigia, na hachukui.

Barua iliteremka na lori la samaki kavu. Ziwa limefunguliwa mwezi wa 3, maboti yamerudi mu maji, na mpaka siku tunapoandika maneno haya jibu la Kinshasa halijafika. Wale tisa hawakungoja. Dola 50 za kiingilio walizokuwa wamekusanya, mara tisa, wamenunua jile 22 na dola 10 zimebaki. Kijana wa nyuma njo anazitunza ku nyumba yake, na kitabu cha kuandika nani amechukua na nani amerudisha.