Dawa ya Minyoo na Ugumba wa Wanaume

Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha dawa za kilimo huko Lathrop, California, nchini Marekani, walianza kushangaa mbona hawapati watoto. Manii yao yalipochunguzwa kwa hadubini, wengine walionekana kuwa na mbegu chache mno, wengine hawakuwa nazo kabisa. Kilichowadhuru ni DBCP, dawa ya kuua minyoo ya mizizi. Na majaribio yaliyotangazwa mwaka 1961 yalikwisha kuonyesha kuwa huharibu korodani za panya!

Ugumba si upungufu wa nguvu za kiume. Mwanamume mwenye afya njema aweza kukosa mbegu asijijue, huku lawama zote zikimwangukia mkewe. Visababishi vingine ni matubwitubwi yanayompata mtu baada ya kubalehe, kisonono kinachoziba mirija, na vena zilizovimba penye korodani.

Manii hupimwa baada ya kujizuia siku 2 hadi 7. Kwa kuwa mbegu huchukua siku 70 hivi kukomaa, homa kali ya mwezi uliopita yaweza kupotosha matokeo. Hivyo kipimo hurudiwa.

Baadhi ya wafanyakazi wa Lathrop walipata mbegu tena walipoepushwa na dawa ile. Wengine, hata baada ya miaka, hawakupata.