Maniema: Kati ya Kasongo na Kabambare, usalama wa safari unaanzia kwenye gurudumu

Kusini mwa jimbo la Maniema, kati ya Kasongo na Kabambare, gari za mbio zinazoonekana kwenye televisheni hazina njia ya kupita. Barabara ni ya udongo mwekundu, mawe na mashimo, na toka Kasongo hadi Kabambare ni zaidi ya kilomita 100. Lakini kazi ambayo mwenye gari ya bei kali huko Ulaya anaifanya siku ya yenga katika garaji ya nyumba yake, kusafisha gurudumu, kulikagua na kukaza bulo zake, inafanywa pia Kasongo, chini ya mwembe, katika kiwanja cha nyumba, na kijana mwenye pikipiki moja na funguo chache. Tofauti ni kwamba kwa kijana huyu gurudumu si pambo. Ni chakula cha jioni, na ni maisha ya mtu anayeketi nyuma yake.

Barabara inayokula magurudumu

Mji wa Kasongo hauko kwenye reli. Treni ya SNCC inayotoka Kindu kwenda Kongolo na Kabalo inapita ng'ambo ya mto Lualaba, upande wa magharibi, katika teritwari ya Kibombo. Kufika Kindu, mji mkuu wa jimbo, ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Upande wa mashariki, kuelekea Kabambare, mto Luama na Salamabila, ambako kuna mgodi wa zahabu wa Namoya, gari kubwa zinateseka sana wakati wa mvua.

Kwa hiyo mzigo mkubwa wa eneo hili unabebwa na pikipiki na kinga: mchele, mawese, sabuni, chumvi, dawa za vituo vya afya, wagonjwa, na wanawake wajawazito wanaopelekwa hospitali. Pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wawili mara nyingi inabeba watatu na gunia juu yake. Uzito huo wote haugawanyiki sawasawa. Sehemu kubwa inaangukia gurudumu la nyuma, na ndilo linalovunjika kwanza.

Wakati wa kiangazi, toka mwezi wa 6 hadi mwezi wa 8, adui ni vumbi. Vumbi hilo ni laini kama unga, linaingia ndani ya rulma, linachanganyika na grese na kugeuka kama msasa unaosaga chuma polepole. Mvua zinaporudi, adui ni tope. Tope linakauka kuzunguka janti, linashika maji, na kutu inaanza pale ambapo jicho halifiki: ndani ya janti, chini ya pine, na kwenye vichwa vya rayo.

Janti za aina mbili, magonjwa mawili

Pikipiki za kazi zinazotumika sana huku mashariki zina janti za aina mbili. Ya kwanza ni janti ya rayo, mara nyingi rayo 36. Ya pili ni janti ya alumini iliyomiminwa kipande kimoja, yenye mikono minene mitano au sita. Vijana wengi wanaipenda ya pili kwa sababu inapendeza na haidai kukazwa kila mara. Lakini kila moja ina ugonjwa wake.

Janti ya rayo inajipinda kabla ya kuvunjika. Ikigonga jiwe, inaanza kuyumba, dereva anasikia pikipiki inacheza, na anapata nafasi ya kusimama na kutengeneza. Janti ya alumini haitoi onyo kama hilo. Inaweza kupata ufa mwembamba kama unywele, ufa ukatembea siku kwa siku chini ya tope, na siku moja janti ikapasuka pikipiki ikiwa katika mwendo.

Ndiyo maana fundi mwenye busara hasafishi janti ya alumini kwa ajili ya uzuri tu. Anaisafisha ili aione. Ufa hauonekani kwenye janti chafu. Akishamaliza kuosha, anapitisha kidole na jicho pale mikono inapoungana na duara, na pale inapoungana na kati. Akiona mstari mweusi usiotoka kwa sabuni, ni lazima aushuku.

Kuna tabia ya kunyoosha janti ya alumini kwa nyundo, au kupeleka ufa kwa mchomeleaji. Zote mbili ni hatari. Nyundo inaweza kurudisha umbo huku ikifungua nyufa ndogo ndani ya chuma. Na joto kali la kuchomelea linaharibu nguvu ambayo kiwanda kiliipa alumini wakati wa kuitengeneza. Janti hiyo inaweza kuonekana nzima, lakini si ya kubebea mtu.

Maji na sabuni vinatosha

Wenye gari za mbio wana kanuni moja ambayo fundi wa Kasongo anaweza kuichukua bila kulipa chochote: gurudumu linaoshwa likiwa limepoa, kwa maji na sabuni ya kawaida, kwa brosi laini, na kwa ndoo yake peke yake. Vumbi la freni na mchanga vikibaki katika ndoo, vinakwaruza kila kitu kinachooshwa baadaye. Janti za gari hizo mara nyingi ni za alumini iliyofuliwa, nyepesi na za bei kali, ndiyo sababu wenyewe wanaziogopea.

Kwenye viwanja vya nyumba huku, wengine wanatumia petroli, au hata tindikali ya betri, ili janti ing'ae haraka. Tindikali inakula alumini na kuacha vishimo ambamo nyufa zinazaliwa. Petroli inadhoofisha mpira wa pine, na ikibeba mafuta machafu hadi kwenye freni, pikipiki haitasimama inapotakiwa kusimama. Grese nayo inawekwa kwenye rulma, kamwe si kwenye freni.

Jambo jingine ni mahali pa kulaza gurudumu. Likiwekwa juu ya mawe au mchanga, janti inakwaruzwa na vumbi linaingia katika rulma zilizo wazi. Pine la zamani lililolazwa chini linatosha kuwa meza ya kazi. Kipande cha hema kinafanya mahali pawe safi, na bulo ndogo hazipotei mchangani.

Kunyoosha rayo bila mashine

Kunyoosha gurudumu la rayo hakuhitaji mashine. Kinga inageuzwa juu chini, au pikipiki inainuliwa hadi gurudumu lizunguke hewani. Kipande cha chaki kinashikiliwa karibu na janti, bila kuigusa, na gurudumu linazungushwa polepole. Pale janti inapoigusa chaki, ndipo imevutwa upande huo.

Hapo rayo za upande wa pili zinakazwa kidogo, robo ya mzunguko tu kwa kila mara, na za upande uliogusa zinalegezwa kidogo. Kisha gurudumu linazungushwa tena. Mwenye haraka anayekaza mzunguko mzima kwa mara moja anahamisha ubovu toka sehemu moja hadi nyingine. Mwishoni, fundi anagonga kila rayo kwa ufunguo na kusikiliza. Rayo iliyokazwa inalia, iliyolegea inakaa bubu. Rayo moja ikikatika na kuachwa, jirani zake zinabeba mzigo wake, nazo zinafuata.

Rulma zinapimwa kwa mikono miwili: mmoja juu ya gurudumu, mwingine chini, na kulisukuma huku na huku. Likicheza, au likitoa sauti ya kusaga linapozungushwa, rulma zimekwisha. Kuzibadilisha ni gharama, lakini rulma ikivunjika njiani inaweza kuharibu kati ya janti yote.

Kiraka, hewa na namba za pine

Kazi inayojulikana zaidi ni ya kwado. Kiraka cha moto kinachomwa kwa pistoni ya zamani yenye petroli kidogo ndani, iliyobanwa juu ya mpira wa ndani. Msingi wake ni uleule ambao Charles Goodyear aliugundua Marekani mwaka 1839: mpira ukichanganywa na kiberiti cha unga na kupashwa joto, unakuwa imara. Kiraka kizuri kinaachwa kipoe kabla ya kufunguliwa. Na chupa ya petroli inawekwa mbali, kwa sababu kazi hii inafanyika katika viwanja ambamo watoto wanacheza.

Si kila tundu linafaa kiraka. Mpira uliopasuka kwenye shina la valvu hautegemewi tena. Pine lililokatika ubavuni linaweza kuwekewa kipande cha pine jingine ndani ili kufika nyumbani, lakini si kubebea abiria hadi Kabambare.

Hewa pia ina hesabu yake. Pikipiki nyingi ndogo zinaomba karibu bar 1.75 mbele, na bar 2 au zaidi nyuma zikibeba mtu. Kubonyeza pine kwa kidole hakutoshi kujua. Dalili moja inayoonekana kwa macho ni valvu: ikiwa imelala upande mmoja badala ya kusimama wima, maana yake hewa ilikuwa kidogo, pine limeteleza juu ya janti na kuvuta mpira wa ndani. Safari moja ndefu zaidi, na valvu inang'oka.

Mwenye kununua pine asome namba zake. 3.00-17 maana yake ni upana wa inchi 3, kwa janti ya inchi 17. Na kwenye mapine mengi, mwishoni mwa herufi DOT kuna namba nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Pine linaweza kuwa na meno marefu na bado likawa limezeeka, na nyufa ndogo ubavuni zinasema hivyo.

Gari na kriki

Kwa gari, hatari kubwa ni ya fundi mwenyewe. Kriki ni ya kuinulia gari, si ya kuishikilia. Juu ya udongo laini inazama au inainama. Ubao mnene unawekwa chini yake, mawe makubwa yanawekwa mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, na kigogo imara kinawekwa chini ya chuma cha gari. Hakuna mtu anayeingia chini ya gari inayoshikiliwa na kriki peke yake.

Bulo zinakazwa kwa kuvuka, si kwa kufuatana: moja, kisha ile inayoielekea, ili janti ikae sawasawa. Na baada ya kilomita 50 hadi 100, dereva anasimama na kuzikaza tena. Kwa barabara hii, hiyo inaweza kuwa ni njiani kabla ya kufika Kabambare.

Mpira na historia ya Kongo

Eneo hili lilijua safari ndefu kabla ya kujua gurudumu. Wakati Kasongo ilipokuwa kituo kikuu cha Tippu Tip, pembe za ndovu zilibebwa mabegani na watu, wengi wao wakiwa watumwa, zaidi ya kilomita 1,000 hadi pwani ya bahari ya Hindi. Majeshi ya Leopold wa Pili, yakiongozwa na Dhanis, yaliingia Kasongo mwezi wa 4 mwaka 1893.

Miaka mitano mbele ya hapo, mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, alipata hati ya pine la hewa. Kinga zikaenea Ulaya, kisha gari, na mahitaji ya mpira yakapanda. Kongo ya Leopold ililipa deni hilo kwa damu: vijiji vililazimishwa kuvuna mpira wa porini, hadi utawala wake ulipoisha mwaka 1908. Mpira uliotoka Kongo kwa mateso leo unarudi ukiwa pine la kununuliwa kwa feza.

Nani alipe?

Ugumu mkubwa mara nyingi hauko katika ufundi. Uko katika feza. Pikipiki nyingi za taksi si za wanaoziendesha. Dereva anatakiwa kumletea mwenye pikipiki kiasi fulani kila jioni, na siku ya kutengeneza ni siku bila kiasi hicho. Mwenye mali hayuko njiani kusikia rulma inavyosaga. Hivyo pine linaongezewa juma moja, kisha jingine, na anayelipa mwishoni ni abiria ambaye hakuulizwa.

Mapatano ya wazi yanaweza kubadilisha hali: kiasi kidogo cha kila siku kiwekwe pembeni kwa ajili ya pine na rulma, na siku moja kwa juma iachwe kwa kuosha na kukagua. Rulma mbili ni bei ndogo kuliko janti, na janti ni bei ndogo kuliko mguu uliovunjika mbali na hospitali.

Abiria naye ana sehemu yake. Kabla ya kupanda, atazame mambo matatu: meno ya pine la nyuma, valvu kama imesimama wima, na rayo au mikono ya janti kama ni mizima. Inachukua nusu dakika. Dereva anayetunza gurudumu lake hatakasirika kutazamwa, na anayekasirika amekwisha kutoa jibu.