Zaïre yenye jina la Kongo

“Zaïre yenye jina la Kongo? Hiyo ni ya uongo,” baba mdogo alisema, akaitupa kando. Tulikuwa tunagawana vitu vya marehemu nkambo. Kopo lake la biskuti lilijaa noti, na mchuuzi mmoja alikuwa tayari kuzichukua zote kwa bei ya mfuko wa unga.

Niliomba siku mbili. Sisi wa lugha tumezoea kuuliza kila andiko: nani anasema, na lini? Noti hujibu, lakini watu wengi husoma tarakimu peke yake. Anza na jina la benki. Banque du Congo Belge ilitoa noti hadi 1952. Jina la Ruanda-Urundi likiongezwa, ni miaka ya mwisho ya ukoloni. Banque Nationale du Katanga ni ya hapa kwetu, wakati wa kujitenga, 1960 hadi 1963. Banque du Zaïre huanza 1971. Lakini fedha iitwayo zaïre ilizaliwa 1967, zaïre 1 kwa franka 1000, nchi ingali inaitwa Kongo. Kwa hiyo noti ya baba mdogo, zaïre 1 au makuta 100, yenye jina la Banque Nationale du Congo, ni halali kabisa. (Likuta lilikufa zamani, ila wazee bado wanasema makuta wakitaka kusema fedha.)

Ukubwa wa tarakimu hauleti bei. Noti ya zaïre 5.000.000, ambayo wafanyabiashara waliikataa Januari 1993, bado inapatikana kwa urahisi. Kinachopandisha bei ni uchache wa noti na hali yake: mikunjo, pembe, madoa, tundu za pini. Iinue kwenye mwanga uone filigrani. Usiioshe, usiipige pasi. Mama mkubwa alikwisha kuipiga pasi moja ya Katanga, ikang’aa kama karatasi ya zawadi, na thamani yake ikashuka. Na ukitafuta bei, tazama noti kama hiyo iliuzwa kwa kiasi gani, si muuzaji anaomba kiasi gani.

Mchuuzi aliporudi, tulizungumza noti moja moja. Zile za Katanga peke yake zilipita mfuko wa unga mara nyingi. Bunda la zaïre 10 alilikataa. Noti hizo ziliondolewa Desemba 1979, watu wakapewa siku chache tu za kubadilisha, na nkambo alikuwa kijijini.

Mama mkubwa alilifunga tena kwa uzi uleule, akalirudisha kwenye kopo.