Matawi ya matoleo ya DHIS2

Matawi ya matoleo ya DHIS2 ni nakala sambamba za msimbo wa programu huria ya DHIS2. Hutunzwa ili toleo linalotumika liendelee kurekebishwa wakati toleo lijalo bado linaandikwa. Programu hii hukusanya na kuchambua takwimu za afya. Inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, na mtu yeyote anaruhusiwa kusoma na kubadilisha msimbo wake.

Matumizi mkoani Kilimanjaro

Nchini Tanzania DHIS2 hubeba takwimu za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Ilienea katika mikoa yote kufikia mwisho wa 2013. Zahanati ya Kibosho au Marangu huandika wagonjwa, chanjo na wajawazito katika vitabu vya MTUHA, kisha hujumlisha kila mwezi, na hesabu hizo huingizwa kwenye mfumo. Mfumo ni mmoja kwa Tanzania Bara nzima. Kwa hiyo toleo lenye kasoro huwasumbua watu wa Moshi, Rombo na Same siku hiyohiyo, pamoja na wa Lindi.

Namna matawi yanavyofanya kazi

Zamani msimbo ulitunzwa kwa Bazaar. Sasa hutunzwa kwa Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Git huweka kumbukumbu ya nani alibadilisha mstari upi, lini na kwa sababu gani.

Kazi mpya huingia katika tawi kuu, linaloitwa "master". Toleo likikaribia, tawi lake hutengwa, kwa mfano 2.40. Kuanzia hapo tawi hilo hupokea masahihisho tu. (Hapa halifanani na tawi la mbuni, ambalo hutarajiwa kuzaa.) Namba 2.40.1 huonyesha masahihisho ya kwanza ya 2.40. Toleo la 41 lilitoka mwaka 2024.

Kasoro husahihishwa kwanza katika tawi kuu, ndipo sahihisho hunakiliwa katika matawi ya zamani yanayoendelea kuhudumiwa, ambayo kwa kawaida ni ya matoleo matatu ya karibuni. Utaratibu huu una maana kubwa: kasoro iliyosahihishwa katika tawi la zamani pekee hurudi mara toleo jipya linapowekwa.

Kuhamia toleo jipya

Toleo jipya hubadilisha hata muundo wa hifadhidata. Baada ya kuhama haiwezekani kurudi nyuma isipokuwa kwa kurejesha nakala rudufu, na taarifa zilizoingizwa baada ya nakala hiyo hupotea. Ndiyo maana wasimamizi hujaribu kwanza kwenye seva ya majaribio, wakiangalia pia programu ndogo zilizotengenezwa nchini, ambazo huweza kugoma. Wengine husubiri masahihisho ya kwanza yatoke. Lakini anayesubiri mno hujikuta kwenye tawi lisilopokea tena masahihisho ya usalama, huku seva yake ikiwa wazi kwenye intaneti.